Nilimwangusha Mke Wangu kwa Mwendo wa Kobe

Kukimbiza skuta kubwa ni rahisi. Kazi ipo kwenye kuiendesha taratibu, hasa ukiwa umempakia mtu unayempenda. Mimi nililijua hilo kwa gharama ya mkono wa mke wangu, na kwa maneno matatu niliyoyatamka nikiwa bado chini.

Wapenzi wasomaji, sikuanguka barabara kuu. Sikuwa nakimbizana na malori Morogoro Road, wala mvua haikuwa inanyesha. Nilianguka getini, nje ya ukumbi mmoja wa sherehe pale Sinza, Jumamosi jioni ya Novemba 2023, nikiwa kwenye mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza angenipita kwa miguu. Nyuma yangu alikuwa mke wangu, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, kilemba kakiweka kwenye mkoba ili helmeti imkae vizuri.

Tulikuwa tumekuja kwenye sendofu ya binti wa rafiki yetu. Geti la ukumbi lilikuwa na kimwinuko, na kokoto zimemwagwa pale kufunika matope. Mlinzi akanimulika na tochi, akanionyesha niingie kulia. Nikakata kulia. Wakati huohuo gari moja dogo likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Nikafunga mafuta, mkono wa kushoto ukabana… na skuta ikasimama ghafla huku usukani umekunjwa. Nikashusha mguu. Kokoto zikateleza. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Zaidi ya kilo 200, ukiongeza na sisi wawili, zikalala upande wa kulia taratibu kabisa, kama ng'ombe anavyojilaza.

Watu wakaja mbio. Dada mmoja alianza kucheka, akaacha alipoona mke wangu ameushika mkono wake wa kulia na hasemi kitu. Na mimi, msomaji wangu, badala ya kumuuliza ameumia wapi, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Si umejitikisa wewe!"

Hakunijibu. Aliniangalia tu, halafu akamwomba yule dada amshikie mkoba.

Mtoto wa Vespa

Ngoja nieleze nilivyofika hapo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, kwenye ile mitaa inayoitwa kwa namba, na marehemu baba alikuwa na Vespa PX ya bluu. Nilijifunza kuiendesha nikiwa sekondari. Wanaoijua Vespa ya zamani watanielewa: mkono wa kushoto ndio kila kitu. Unabana klachi kwa vidole, halafu kwa mkono huohuo unazungusha gia. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Ukiingia kwenye uchochoro au kwenye watu wengi, unabana klachi nusu, unaiachia kidogo, unabana tena, na chombo kinatambaa bila kuzima. Vespa yenyewe ina kilo 100 na kidogo. Ikitaka kulala unaizuia kwa paja.

Kwa hiyo mwaka 2022 nilipojipinda nikanunua Suzuki Skywave 400 iliyotumika, kutoka Japani, nilijiona nimefika. Hiyo ni skuta ileile ambayo nchi nyingine wanaiita Burgman. Siti kama kochi, chini ya siti unaingiza helmeti na kapu la nyanya, na haina gia wala klachi ya mkono. Unavuta mafuta, inaenda. Ukishapita kilomita 20 au 25 kwa saa inanyooka yenyewe kama treni. Asubuhi kutoka Kimara kwenda mjini nilikuwa napita foleni huku napiga mluzi.

Shida yangu ilikuwa mahali pamoja tu, na niliificha hata nafsini mwangu: mwanzo wa safari na mwisho wake. Kwenye kona ya kuingia mtaani kwetu, kwenye matuta, kwenye foleni ya sheli, kwenye kugeuza nyuma. Hapo nilikuwa nashusha miguu yote miwili na kukanyagakanyaga chini huku jasho linanitoka. Kwa sababu sikuwa nimewahi kuanguka, nikajiambia kwamba najua.

Cherehani kimya

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa karibu na kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa hogo, wiki sita.

Mke wangu ni fundi cherehani. Wiki sita kuanzia katikati ya Novemba, hebu piga hesabu mwenyewe. Krismasi yote, sare za harusi za Desemba, magauni ya watoto ya sikukuu. Alirudisha vianzio vya wateja mmoja baada ya mwingine. Vitambaa vilivyokuwa vimeshakatwa akampelekea fundi mwenzake wa mtaa wa pili, akaambulia kidogo. Chumba cha mbele, ambacho miaka yote kina ule mlio wa cherehani mpaka saa nne usiku, kikawa kimya.

Wala hakugomba, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Angenipigia kelele ningejitetea. Alisema mara moja tu, siku tuliyotoka hospitali: "Mimi kwenye hicho kitu chako sipandi tena." Tangu hapo akienda Kariakoo alipanda mwendokasi, mkono umening'inia kwenye kanga shingoni. Na mimi kila asubuhi naondoka na siti ya nyuma tupu. Tulikuwa tunaongea vizuri tu: ada, mchele, maji yamekatika. Ila lile neno la getini halikuguswa na mtu. Lilikaa pale mezani kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuiosha.

Na ukweli ni kwamba nilikuwa bado naamini nililosema. Kila aliyeniuliza nilimwambia abiria alijitikisa.

"Hiyo ni pikipiki au mtumbwi?"

Pale kona ya kuingilia kwetu kuna kijiwe cha kahawa. Kuna mzee mmoja hukaa pale kila jioni, askari wa usalama barabarani aliyestaafu, aliyeendesha pikipiki kubwa za misafara kwa miaka mingi. Jioni moja ya mwanzo wa Desemba nakata kona, miguu yote chini kama kawaida yangu, nikamsikia: "Kijana! Hiyo ni pikipiki au mtumbwi? Maana naona unapiga kasia!"

Kijiwe kizima kikacheka. Nikasimama, nikavua helmeti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiwe uliyemwangusha mama?"

Nikaanza hadithi yangu ya abiria aliyejitikisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Sawa. Na mkono wako wa kushoto ulifanya nini?"

Nikamwambia ulibana.

"Ulibana nini?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikakwama. Mkono wangu, msomaji, ulikuwa umebana klachi. Klachi ya Vespa ya baba yangu, ya miaka ishirini iliyopita. Kumbe kwenye skuta hii ya kisasa kilicho pale kushoto ni breki ya nyuma. Ukibana klachi, gurudumu linaachiwa, chombo kinaendelea kuserereka na unapata nafasi ya kujipanga. Ukibana breki, gurudumu linakamatwa. Mimi nilifunga mafuta na kulikamata gurudumu kwa pamoja, usukani umekunjwa, kwenye mwinuko wenye kokoto. Hata ningekuwa peke yangu ningelala chini.

Mzee akasema, "Njoo Jumapili. Ulete chupa tupu za maji, kumi na mbili. Na kitambaa chekundu."

Kitambaa nilikiokota kwenye kapu la makapi la mke wangu. Aliniona. "Cha nini hicho?" Nikasema cha kufutia. Sijui kwa nini nilidanganya.

Jumapili kwenye zege

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye uwanja wa zege wa ghala moja lisilotumika, tulioomba kwa mlinzi wake, saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijakolea. Mzee alikataa uwanja wa mpira. Kwenye nyasi na mchanga, alisema, utajifunza kuogopa tu. Chupa tulizijaza mchanga kidogo zisipeperuke. Kitambaa chekundu akakifunga kwenye shina la kioo cha kushoto, mbali na breki. "Kila ukikiona, uambie mkono wako: hii si klachi."

Jumapili ya kwanza hakuniruhusu hata kuwasha. Nusu saa nzima nilikuwa naisukuma, nimesimama upande wa kushoto, kiuno kinagusa siti, vidole kwenye breki. Kisha akasimama upande wa pili, akaniambia niishike wima. Kwa vidole viwili inakaa! Akaniambia niilaze kidogo kidogo kuelekea kwangu. Kuna mahali unavuka, na ukishapavuka hizo kilo zote zinakuja kwa pamoja. "Mguu wako hauwezi kuibeba," akasema. "Kazi yako ni kuhakikisha haifiki huko."

Halafu tukaanza kazi yenyewe, na hapa naomba unifuate vizuri, maana ndipo siri ilipo.

Skuta ya otomatiki ina klachi, ila imejificha nyuma ndani ya mashine na inajiendesha yenyewe. Injini ikizunguka taratibu, klachi imeachia. Ukivuta mafuta, vile viatu vyake vinatanuka na kulishika bakuli linalozungusha gurudumu. Ukifunga mafuta mwendo ukiwa mdogo, vinanywea, na gurudumu linabaki halina kitu kinacholisukuma. Baadaye nilipomweleza mke wangu hilo alielewa kuliko nilivyoelewa mimi: "Si kama sketi ya solo? Msichana akizunguka inatanuka, akisimama inamwangukia miguuni." Hasa!

Sasa wengi wetu tukiwa kwenye kona ya taratibu tunafunga mafuta kwa woga. Sketi inaanguka. Skuta inakosa nguvu ya kuisimamisha, inaanza kulala, tunashtuka tunavuta mafuta, nayo inaruka mbele kama mbuzi. Dawa yake ni kinyume cha woga: mkono wa kulia uwe na mafuta kidogo, yasiyobadilika, ya kutosha klachi kushika. Mwendo unaupunguza kwa breki ya nyuma, unaibana kidogo tu, kama unavyoshika yai. Injini inavuta, breki inazuia, na katikati ya hivyo viwili skuta inatulia. Breki ya mbele iache kabisa usukani ukiwa umekunjwa, kwa sababu ukiigusa tu, mbele kunainama na chombo kinakutupa upande uliokunjia.

Mzee alipanga chupa kwenye mistari miwili, upana wa hatua mbili, urefu wa hatua ishirini. Mashindano yetu yalikuwa ya kuchelewa: anayefika mwisho ndiye mshindi. Mara ya kwanza nilitumia sekunde 9. Baada ya Jumapili tatu nilikuwa natumia 21 bila kushusha mguu, na nilikuwa nafurahi kama mtoto. Kila baada ya dakika kumi alinisimamisha kupumzika, maana ukiendelea mfululizo klachi na breki vinapata moto, na mtu naye anachoka akili.

Pua, kiuno, nane

Somo la macho lilinitesa. Nilikuwa naziangalia chupa ili nisizikanyage, na nilizikanyaga zote. Mzee akawa anatembea mbele yangu upande wa ndani ya kona, ananiita: "Niangalie mimi! Skuta inafuata pua yako!" Na kweli. Ukitaka kugeuza nyuma, geuza shingo mpaka uone kule unakotoka, kidevu juu ya bega, hata kama shingo inauma. Ukiangalia chini mbele ya tairi, chini ndiko unakoenda.

Kisha kiuno. Ukiwa kasi unalala pamoja na chombo. Ukiwa taratibu, mambo yanageuka: skuta ilaze kulia, mwili wako ubaki wima au usogee kidogo kushoto. Kwa njia hiyo chombo kinakunja kona ndogo zaidi na uzito wenu unabaki katikati. Ndiyo maana wale askari wa misafara unawaona wanazunguka mahali padogo huku wamekaa wima kama wapo kanisani.

Tukaunganisha yote kwenye namba nane. Chupa mbili, unazizunguka kwa umbo la nane, kwanza zikiwa mbali hatua 12, halafu 10, halafu 8. Kulia nilikuwa hoi kuliko kushoto, na nilijua ni kwa nini. Kila nikikata kulia nilikuwa naliona lile geti.

Mwisho, kusimama. Sikuwahi kufikiria kwamba kusimama ni ufundi. Nyoosha usukani kwanza, mita moja kabla ya kusimama. Tazama ardhi: kuna kokoto, mafuta, shimo, mteremko? Chagua mguu kabla. Bana breki taratibu, na ushushe mguu chombo kikiwa kimeshasimama, si kabla. Mguu unaoburutwa chini hauzuii kitu, unasubiri tu kubanwa.

Mzee siti ya nyuma

Siku ya mwisho ya mwaka, Jumapili, Desemba 31, mzee alivaa helmeti yake ya zamani akasema, "Leo nipakie." Nikashtuka. Mzee wa watu, goti bovu. Lakini alikuwa amekusudia. Nikaweka miguu yote miwili chini, nikabana breki zote mbili, akasema "napanda," akapanda kwa kushoto. Uzito wote ukahamia nyuma na juu. Usukani ukawa mwepesi mbele, skuta ikawa inachelewa kuitika halafu inaitika kwa nguvu.

Tukazunguka. Nane ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu, bila kuniambia, mzee akajitikisa. Makusudi kabisa! Akasogea kulia, akarudi kushoto. Skuta ikayumba, moyo ukaniruka… lakini mkono wa kulia ulibaki na mafuta yake, breki ikabaki pale pale, macho yakabaki mbele. Ikanyooka. Tukaendelea.

Aliposhuka aliniambia, "Umeona? Abiria anaweza kukuongezea mzigo. Lakini wewe ndiye umeshika mafuta, umeshika breki, umeshika usukani. Yeye ameshika nini? Amekushika wewe."

Sikusema kitu. Nilikusanya chupa.

Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa amekaa mbele ya cherehani. Hogo lilikuwa limetolewa siku chache nyuma. Ameshika mkasi mkono wa kulia, anaukata hewani, anausikiliza mkono. Nikabaki mlangoni na helmeti mkononi. Nikamwambia, "Mama watoto, ile siku hukujitikisa."

"Najua," akasema, hajainua uso. "Nilikaa kama gunia. Niliogopa hata kupumua."

"Mbona hukuniambia?"

Akaweka mkasi chini. "Ungenisikia? Mbele ya watu wote wale umeshasema. Nilikuwa nasubiri ujue mwenyewe. Mkono ungepona tu. Ila nilikuwa najiuliza, siku nyingine likitokea kubwa zaidi, napo utasema ni mimi?"

Nikaomba msamaha. Nilipiga simu pia kwa mwenye sherehe na kwa wote niliokuwa nimewapa ile hadithi, nikawaambia ukweli mmoja mmoja. Wengine walishasahau. Haijalishi, nilikuwa sipigi kwa ajili yao.

Chupa zinasogezwa

Usidhani basi siku ile ile akapanda. Januari yote hakupanda. Jumapili moja alikuja tu pale kwenye zege na chupa ya chai, akamsalimia mzee, akakaa kwenye tofali kunitazama. Akakiona kile kitambaa chekundu kwenye kioo. "Kumbe ndiyo kufutia huko?" Halafu akainuka, akaenda kuzisogeza chupa. Kuzisogeza zikaribiane, hatua 7! Ni fundi, anajua vipimo. "Pita hapo," akasema. Niligonga moja. "Tena." Alinikalisha pale mpaka nikapita mara tano mfululizo, na nadhani hakuna trafiki aliyewahi kunikagua kwa ukali ule.

Alipanda mwezi Machi 2024, pale pale kwenye zege, kuzunguka uwanja mara moja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilisikia vidole vyake kiunoni, kwanza vimekaza, halafu robo ya mzunguko wa mwisho vikalegea kidogo. Mpaka leo mkono unamuuma wakati wa baridi ya Juni na Julai, na mvua ikinyesha anapanda mwendokasi. Sibishani naye.

Desemba iliyofuata tulialikwa harusi kwenye ukumbi ule ule. Kokoto ziko pale pale. Nilisimama barabarani kwenye lami, usukani umenyooka, nikamwambia, "Shuka hapa mama, niingize mwenyewe." Akashuka, akatembea mpaka getini kwa miguu yake. Mimi nikakata kulia polepole, mafuta kidogo, breki kidogo, namwangalia mlinzi kule mwisho. Nilipoegesha alikuwa ameshafika, anainama kwenye kioo changu cha pembeni, anafunga kilemba.

MKATABA WA DEREVA NA ABIRIA
*Kata ukurasa huu, mkausome wote wawili.*

1. Jifunze peke yako kwanza. Usimfanye mpenzi wako kuwa gunia la mazoezi. Mpaka upite nane ya hatua 8 bila kushusha mguu, siti ya nyuma ibaki tupu.

2. Ijue breki ya kushoto. Kwenye skuta nyingi za otomatiki ni ya nyuma tu. Kwenye baadhi ya Honda inabana nyuma na mbele kwa pamoja, kwa hiyo unaibana kwa upole zaidi. Soma kitabu cha skuta yako au muulize fundi kabla ya kuanza.

3. Kupanda na kushuka ni kwa kuambiana. Dereva miguu miwili chini na breki zote zimebanwa. Abiria aseme "napanda," asubiri "panda." Kushuka vilevile.

4. Abiria, tulia kwenye kona. Usiegemee upande wa pili kwa woga. Tazama juu ya bega la dereva, upande mnakoelekea, mwili utafuata wenyewe.

5. Helmeti mbili, siku zote. Hata kwenda dukani. Sisi tulianguka kwa mwendo wa kobe.

6. Kokoto, matope, mwinuko mkali: abiria ashuke. Si aibu. Aibu ni ile nyingine.

7. Ikilala, mtu kwanza. Muulize mwenzio ameumia wapi. Kisha zima injini. Skuta ya otomatiki haina gia ya kuishikilia isiserereke, hivyo funga breki ya kuegesha kama ipo. Ikiwa imelala kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinua. Ipe mgongo, chuchumaa, makalio kwenye siti, mkono mmoja usukani na mwingine kwenye chuma imara cha nyuma, halafu sukuma kwa mapaja, ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Usiinue kwa kiuno. Kama kuna watu, omba msaada.

8. Maneno ya kwanza ukiwa chini yachague. Mfupa unaunga kwa wiki sita. Neno linachukua muda mrefu zaidi.